Karundu Bila Kushuka

Igoji, 12 Januari 2025

Shemeji yangu Kanini,

Salamu kutoka Igoji. Tuko salama, ila jua limekuwa kali na majani chai yamekunja uso. Najua ungependa nikupigie simu, lakini sikio langu unalijua. Mara ya mwisho tulipoongea ulipaza sauti mpaka wenzako wa ofisini wakafikiri unagombana na mtu. Nimeonelea nikuandikie, na Misheck dereva amekubali kuwa posta yetu. Anapita hapa kila siku akitoka Makutano kuja huko Embu, na hadai kitu ila ndizi chache anazochomoa kwenye mkungu wako akidhani sitajua.

Nina habari. Kuna kikundi cha waendesha baiskeli wanaozunguka nchi kwa njia za zamani, zile za kabla ya lami. Mwezi ujao watatoka Makutano mpaka Embu, na wakishapita Chuka wataacha barabara kuu wapande njia ya mlima wa Karundu. Karwirwa binti yangu atakwenda nao. Alipokuja Krismasi kunieleza, nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia aandikishe na jina langu. Alicheka. Halafu akaona mimi sicheki.

Wewe Karundu unaijua kuliko mimi, maana mlizaliwa chini yake. Babu zetu waliichimba kwa majembe kwa amri ya mzungu, wenu wakitoka upande wenu na wetu wakitoka upande wetu, wakakutana pale juu. Mabasi yote yalipita hapo mpaka lami ilipofunguliwa kule chini. Siku hizi wanaopita ni ng'ombe na wachoma makaa. Lakini kwangu mimi hiyo ni njia ya mtu mmoja. Dada yako Wamuyu aliivuka kwa baiskeli mwaka 1984 akija kuolewa nami, na hakushuka hata mara moja. Uliyasikia hayo yakisomwa siku ya mazishi yake.

Nitakwenda na baiskeli ile ile, Black Mamba ya baba yenu. Nimebadilisha tairi na cheni. Kengele sikuigusa. Wamuyu alikuwa akiipiga langoni kila aliporudi kutoka kufundisha, hata kama hapakuwa na kuku njiani. Nilimuuliza mbona anapigia hewa kengele. Akasema, "Nakuambia nimefika."

Jambo la mwisho ni hili. Mwezi wa tatu mwaka utakuwa umetimia tangu atuache. Fundi Runji amemaliza simiti ya kaburi na sasa anangoja maneno ya jiwe. Nimempa jina na miaka, na chini yake: Alivuka Karundu bila kushuka. Nimemwambia asichore mpaka nami nivuke hivyo hivyo. Sitaki kuandika kwenye jiwe lake jambo ambalo sikujua uzito wake.

Utuwekee chai.

Shemeji yako,
Kaimenyi


Embu, 19 Januari 2025

Baba Karwirwa,

Ndizi zimefika, pungufu. Misheck anasema mkungu uliumwa na ndege. Basi ndege huyo ana meno.

Barua yako niliisoma nikiwa nimepanga foleni benki. Mama aliyekuwa nyuma yangu akaona uso wangu, akauliza kama nimepata habari za msiba. Nikamwambia bado, ni mzee mmoja wa Meru anataka kufa akiwa amevaa kaptura ya kubana.

Shemeji, una miaka sitini na sita. Una presha. Magoti yako yakikunjwa yanalia kama mlango wa kanisa. Na baiskeli ile ni chuma kitupu, baba mwenyewe alikuwa anaisukuma kwenye kilima cha kwenda sokoni, na alikuwa mtu wa nguvu. Hao vijana wana baiskeli unaweza kuinua kwa kidole, zenye gia nyingi. Wewe gia yako ni maombi. Panda lile gari lao linalobeba maji, upungie watu mkono kama mbunge, ufike kwangu ukiwa mzima unywe chai.

Halafu hayo maneno ya jiwe. Sikatai. Nauliza tu mbona tusiweke mengine. Aliwafundisha wazee wenu kusoma miaka yote ile, mpaka wengine wakaanza kumsahihisha mchungaji. Weka hilo. Au weka Zaburi yake ya milima, aliipenda. Jiwe likishachorwa halifutiki, shemeji. Mwambie Runji asubiri kwanza.

Nimekutumia mafuta ya kusugua magoti. Usiyapake kwenye cheni.

Kanini


Igoji, 26 Januari 2025

Shemeji Kanini,

Mafuta nimepata, asante. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka paka akatoka nje. Mara ya pili nilifika pale pa jiwe, sikucheka tena.

Naogopa kuna jambo unanificha kwa heshima. Labda ninyi watu wa Embu mlitaka azikwe kwenu. Hamkusema, lakini siku ile niliona mama yenu mkubwa Ciakuthii hakuonja chakula nyumbani kwangu, nami nikaona hiyo ni lugha. Kama ni hilo, niambie. Sitakasirika.

Maneno yale siwezi kuyaacha, na nitakueleza kwa nini, maana hukuwepo siku alipofika. Jua lilikuwa linakaribia kutua. Nilisikia kengele, nikamwona anaingia na vumbi mpaka kwenye kope. Mama yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Hakumsalimu hata. Alimuuliza, "Ulishuka pale juu ya Karundu?" Upande wetu wazee waliamini kwamba bibi harusi anayeshuka pale juu ameacha nusu ya moyo wake huko nyuma, na siku moja ataufuata. Mke wa jirani yetu alishuka, na kabla ya mavuno ya pili alikuwa amerudi kwao. Kwa hiyo watu wote uani walisogea wasikie.

Wamuyu alimtazama mama machoni, akasema, "Sikushuka, mama."

Mama akampa mtu mwiko, akaichukua baiskeli mikononi mwake, akaiegemeza mwenyewe kwenye ghala. Mama yangu, ambaye hakuwahi kumpokea mtu mzigo. Tangu siku hiyo wake za ndugu zangu wakigombana alikuwa anasema, "Muulizeni yule wangu. Yeye hakushuka."

Nami, shemeji, sikuwa mtu rahisi wa kuishi naye. Kulikuwa na mwaka wa ukame, kulikuwa na mwaka tuliopoteza mtoto, kulikuwa na siku niliingia ndani nikatoka bila kusema neno. Siku hizo niliogopa ataondoka. Kisha nikakumbuka, huyu alikuja bila kugeuka nyuma, na moyo ukatulia. Sasa nyumba iko kimya. Bado natenga vikombe viwili, kisha nakirudisha kimoja rafuni. Neno hilo ndilo nililobaki nalo.

Nimeanza mazoezi kwenye kilima cha kituo cha majani chai. Alhamisi kifua kilinibana na nikaona nyota mchana, lakini sikushuka. Siku ya Karundu itakuwa hivyo. Afadhali nianguke kuliko kushuka. Usimwambie Karwirwa.

Kaimenyi


Embu, 2 Februari 2025

Shemeji,

Si habari ya mazishi. Dada yangu amelala pale alipotaka kulala. Mama mkubwa Ciakuthii hakula kwa sababu alisahau meno yake Embu, na aliona aibu kusema mbele ya wakwe. Mpaka leo analalamikia ile nyama.

Hilo la nyota ndilo lililoninyima amani. Nenda hospitali upimwe, kesho, usingoje siku ya soko. Na unipe neno lako kwamba ukiona nyota tena, utashuka. Usiniambie nini kilitokea mwaka 1984. Nataka neno lako la mwaka huu.

Kanini


Igoji, 9 Februari 2025

Shemeji mpendwa,

Nimekwenda. Daktari ni kijana, jina lake Bundi, mwanafunzi wa zamani wa Karwirwa, kwa hiyo siri yangu imeishi siku chache tu. Karwirwa amenifokea mpaka nikasikia kwa masikio yote mawili. Presha imeshuka kidogo kwa dawa mpya. Daktari alisema naweza kwenda, mradi nishuke kila nikichoka. Nikamwambia nitashuka popote. Nilipofika nje nikamalizia, isipokuwa Karundu.

Neno lako ulilotaka siwezi kukupa, na sipendi kukudanganya. Ningeweza kumwambia mtu mwingine ndiyo, wewe siwezi.

Tutatoka Makutano Ijumaa, tulale Chuka, na Jumamosi tarehe 22 tuvuke. Usiogope. Dada yako alinifundisha kupanda kilima, macho kwenye gurudumu la mbele, usitazame juu.

Kaimenyi


Embu, 17 Februari 2025

Shemeji Kaimenyi,

Barua hii nimeichana mara mbili. Hii sitaichana.

Dada yangu alishuka.

Nilikuwepo. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne. Ninyi huko mna imani yenu kuhusu pale juu, na sisi tuna yetu. Kwetu, msichana anayeolewa ng'ambo ya Karundu husindikizwa na mdogo wake mpaka juu. Mnaketi pale kwenye jiwe kubwa, mnakula mlichobeba, kisha anang'oa nyasi na kuziweka chini ya jiwe, ndiyo kwao wajue ameaga. Mdogo mtu anarudi nyumbani na hageuki. Ninyi mnasema aliyeshuka atarudi. Sisi tunasema asiyeshuka hakuaga. Mlima ni mmoja na kila upande una mama zake.

Baiskeli tuliisukuma wawili, yeye kwenye usukani, mimi kwenye karia nyuma. Tulifika mapema tukala viazi vitamu tulivyofunga kwenye jani la mgomba. Vikaisha. Nyasi akaziweka. Lakini hakuondoka. Alikaa tu akichezea vumbi kwa kidole cha mguu, mpaka kivuli cha jiwe kikaisha.

Akaniambia, "Kanini, huyu mtu simjui sana. Nimemwona mara chache tu na anaongea kidogo." Akasema, "Nikirudi sasa, baba hataniuliza kitu." Akasimama, akaigeuza baiskeli ikatazama kwetu. Nilifurahi, shemeji. Nilitaka arudi nyumbani tulale kitanda kimoja kama zamani. Nilikuwa nimeshashika karia.

Alisimama hivyo kwa muda, ameshika breki. Kisha akaigeuza tena ikatazama kwenu. Akacheka kidogo, akasema, "Lakini nikiongea ananisikiliza." Akapanda, akateremka akipiga kengele kona kwa kona, nami nikashindwa kurudi mpaka ilipoacha kusikika.

Nilipokuja kumwona mara ya kwanza aliniomba nisiseme. Aliniambia, "Mama mkwe aliniuliza nikiwa bado nimesimama na vumbi langu. Ningemwambia nini? Nilimwangalia nikaona anaogopa." Sikusema. Nilikaa na hilo neno kwenye mazishi, likisomwa kwa kipaza sauti, nikauma leso.

Najua ninakuchukulia kitu. Uliniambia ndilo ulilobaki nalo, na mimi ndiye ninayekunyang'anya. Lakini sasa unataka kufa kwa ajili yake, na sina shemeji mwingine. Shuka, Kaimenyi. Pale pale juu. Yeye alishuka.

Nitakuwa hapo nakungoja.

Kanini


Embu, 25 Februari 2025

Shemeji,

Karwirwa ameniambia mlirudi salama na kwamba unatembea kama mtu aliyekalia siafu. Pole.

Nimengoja useme wewe kwanza, nikaona husemi. Basi niseme mimi. Jumamosi nilipanda Karundu kwa bodaboda tangu asubuhi, nikakaa kwenye lile jiwe na viazi vyangu. Kile kitambaa cha bluu kichwani kilikuwa cha dada yangu, ndiyo, lakini nilikivaa kwa sababu ya upepo. Sikutaka kukutisha. Vijana wakapita mmoja mmoja na miwani yao kama nzige. Kisha nikakuona kwenye kona ya mwisho, unakwenda polepole hata kuku angekupita, uso umekuwa rangi ya jivu, na Karwirwa nyuma yako analia huku akiendesha. Wale waliotangulia wakaanza kupiga makofi, "Mzee, usishuke, umefika, usishuke."

Ukashuka. Ukaiegemeza baiskeli, ukavua kofia, ukaja kunipa mikono yote miwili. Ukaketi, ukala viazi vyangu vyote bila hata kunibakizia ganda. Ukatazama bonde lenu, ukatazama letu. Na juu ya barua yangu hukutamka kitu. Hata kwangu nyumbani ulikunywa chai ukasifu maziwa.

Nilijiambia amenisamehe. Kisha nikajiambia, huyu ananyamaza kama alivyokuwa akinyamaza kwa dada yangu siku za ukame. Kama nimekuumiza, niandikie hata matusi. Misheck ni mwaminifu kwa barua, ni ndizi tu.

Kanini


Igoji, 2 Machi 2025

Shemeji yangu mpendwa Kanini,

Barua yako ya tarehe 17 nimeisoma jana.

Usishtuke. Jumatatu ile nilikuwa nimeshakwenda Makutano kwa Karwirwa, baiskeli ikazwe spoki. Misheck hakunikuta, akaiacha dukani kwa Hezekiah, naye akaiweka chini ya mzani isipeperuke, akaisahau mpaka jana. Kwa hiyo pale juu ulikuwa umeketi na mtu asiyejua kitu. Nilidhani umekuja kuniletea viazi tu. Nikaona ni wema mkubwa, na vilikuwa vitamu, ndiyo maana nilivimaliza.

Sasa utauliza nilishuka kwa nini. Si kwa sababu ya kifua, ingawa kilikuwa kinapiga kama ngoma ya kanisa. Nilikuwa nimeshaamua kufa au kupita. Macho yalikuwa kwenye gurudumu la mbele. Kisha nikaona viatu, nikainua macho, nikaona ni wewe umeketi hapo na upepo wote ule, na ilionekana umengoja tangu asubuhi. Baba yangu alinifundisha kwamba mkwe hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Unashuka, unavua kofia, unatoa mikono miwili. Miguu ilishuka yenyewe kabla sijaiuliza. Nilipokuwa nikikusalimu nilijiambia, basi nimeshindwa, lakini Wamuyu hakuwa na mtu wa kumsalimu pale juu, ndiyo maana yeye aliweza kupita.

Kumbe alikuwa na mtu. Na ulikuwa wewe.

Jana niliisomea kwenye ngazi ya mlango. Nilipofika pale alipoigeuza baiskeli ikatazama kwenu, niliiweka karatasi chini nikaenda kukamua ng'ombe. Ng'ombe alinitazama kwa kuwa haikuwa saa yake. Kisha nikarudi nikamalizia.

Shemeji, hukuninyang'anya kitu. Miaka yote nilidhani alikuja kwangu jinsi maji yanavyoteremka, kwa kuwa njia ilielekea huku. Nilimpenda kwa hilo, lakini pia lilinitisha, maana mtu anayekuja bila kufikiri anaweza kuondoka bila kufikiri. Sasa najua alisimama na baiskeli ikitazama kwao, mteremko wote ukiwa tayari kumrudisha, na wewe umeshashika karia. Akaigeuza. Hakusukumwa na mtu. Tena aliigeuza kwa ajili ya jambo ambalo sikujua kwamba aliliona, kwamba namsikiliza. Hata miaka hii ya mwisho, sikio la kushoto lilipozibika, alikuwa anahamia upande wangu wa kulia kabla ya kuanza kuongea. Alikuwa anauzunguka mwili wangu kimya kimya kama mtu anayehamisha kiti. Nilidhani ni tabia tu.

Kuhusu mama yangu, usione vibaya. Aliuliza kwa woga, naye mkwewe akaona huo woga akaufunika. Mama alikufa akijivunia yule wake ambaye hakushuka. Tumwachie.

Nimekwenda kwa Runji. Nimemwambia achore Alivuka Karundu, basi. Akauliza mbona tumepunguza, nafasi itabaki wazi pale chini, achore ua? Nikamwambia aache wazi. Hajanielewa, lakini amefurahi kwa kuwa kazi imepungua.

Leo nilikwenda kanisani kwa ile baiskeli, kilima chote nikiisukuma, sikuona aibu. Niliporudi nilisimama langoni nikapiga kengele. Kuku walikimbia, paka akatoka. Nikangoja kidogo, kisha nikaingia.

Ibada ya mwaka ni Jumamosi tarehe 22 mwezi huu. Mlete mama mkubwa, na meno yake. Karwirwa anataka mje kwa barabara kuu kwa sababu mvua inakaribia, nami nimemwambia si lazima. Njooni kwa Karundu. Mkifika juu, shukeni. Ketini kidogo pale kwenye jiwe, uangalie kama zile nyasi zimeacha alama. Kisha mje.

Shemeji yako,
Kaimenyi